Maji ya sentimita 70 na bima ya nusu: jibu kwa mwenye duka wa Kalerwe

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Nina duka la jumla hapa Kalerwe, Kampala: sukari, mchele, unga wa ngano, posho (unga wa mahindi), soda, mafuta ya kupikia na vitu vya makopo. Mvua ya usiku mmoja ilileta maji dukani hadi sentimita 70. Nilidai shilingi milioni 24. Bima yangu ni ya moto na majanga ya ziada, neno mafuriko limo, na kiasi nilichokatia ni milioni 50. Mkadiriaji wa hasara anasema dukani kulikuwa na mali ya milioni 80. Nimekuambatanishia karatasi yake. Kampuni sasa inanipa milioni 9 na hati ya kutia saini. Je, wananiibia? Pikapu yangu nayo ilizama, ina bima ya mtu wa tatu. Na mvua zijazo nifanyeje? (Mama mwenye duka)

JIBU: Mama, pole kwa hasara. Usitie saini leo. Lakini nikueleze mapema kwamba wizi siuoni hapa. Kutoka 24 hadi 9 zimepungua milioni 15, na nyingi kati ya hizo zilipotea siku ulipojaza fomu na kuandika 50. Zinazoweza kurudi kwa hoja ni karibu milioni 4, pengine zaidi kidogo ikiwa thamani ya mali imekosewa. Hizo ndizo za kuzipigania, nguvu zako usizimalizie kwingine.

Karatasi ya mkadiriaji inakwenda hivi. Ameanza na 24. Ametoa 4 za magunia yaliyokuwa yamelala sakafuni, kwa kuwa hati yako ina sharti kwamba bidhaa zikae angalau sentimita 15 juu ya sakafu. Ametoa 4 nyingine, yaani soda na mafuta ya milioni 3 pamoja na makopo ya milioni 1, akisema vyote vinaoshwa na kuuzwa. Zikabaki 16. Akazidisha kwa 50, akagawa kwa 80, zikawa 10. Mwisho akaondoa asilimia 10 ambayo mkata bima hubeba mwenyewe, ile mawakala wanayoiita ekses. Ndiyo hiyo 9.

Hatua ya 50 kwa 80 ndiyo inayowaduwaza wafanyabiashara. Mtu hudhani kwamba hasara ya 24 imo ndani ya 50, basi italipwa yote. Bima ya mali haihesabu hivyo. Kampuni ilipokea ada ya mali ya milioni 50, dukani kulikuwa na 80, kwa hiyo ile 30 ya juu inahesabiwa kuwa umejikatia bima mwenyewe. Kila hasara mnagawana kwa uwiano huo: katika kila shilingi 100 wao hulipa 62 na nusu, wewe hubeba 37 na nusu. Hata ukishinda hoja nyingine zote, 24 inashuka kuwa 15, na ekses ikitoka inabaki 13.5. Sharti hilo limo karibu katika kila hati ya moto na majanga, na hakuna ofisi itakayokufutia.

Unachoweza kubishia ni ile 80 yenyewe. Muulize mkadiriaji kwa maandishi: je, 80 ni bei ya kununulia au bei ya kuuzia? Mali ya dukani kwa kawaida hukatiwa bima kwa gharama ya kuipata, bila faida. Kosa ninaloliwinda katika karatasi kama hizi ni la kuhesabu hasara kwa bei ya kununulia, halafu mali yote ya dukani kwa bei ya kuuzia. Hapo unapunjwa mara mbili. Tuseme gharama halisi ya mali ilikuwa 70. Uwiano unakuwa 50 kwa 70, na ile 16 yake inazaa milioni 11.4 badala ya 10. Angalia pia kama amehesabu mali isiyo yako: kreti tupu za kampuni ya soda, bidhaa ulizowekewa na jirani, mzigo wa mteja aliyekwisha kulipa lakini hajachukua. Vitu hivyo havimo katika 50 yako isipokuwa hati inataja mali ya watu wengine iliyo chini ya uangalizi wako, kwa hiyo visipandishe 80.

Ushahidi wa bei ya kununulia unao, hata kama daftari lililowa. Kama unanunua Kikuubo, soko la jumla la Kampala, kwa wauzaji wanaotoa stakabadhi za kielektroniki za EFRIS, kumbukumbu zinabaki katika mfumo wa Mamlaka ya Mapato. Wafanyabiashara wa Kampala walifunga maduka Aprili 2024 wakiupinga mfumo huo, na malalamiko yao siyadharau. Hata hivyo, siku ya dai la bima sijui shahidi mzuri kuliko stakabadhi ambayo mafuriko hayawezi kuilowesha. Ongeza taarifa za pesa za simu na za benki za miezi 3 iliyopita.

Sasa yale magunia ya sakafuni. Hoja yako ni ya sentimita: maji yalifika 70, sharti linadai 15. Gunia lililo juu ya palleti ya sentimita 15 lingezama vilevile, kwa hiyo kuvunjwa kwa sharti siko kulikoleta hasara. Iandike hoja hiyo, na ambatisha picha ya alama ya maji ukutani ikiwa na futi ya kupimia pembeni. Sikuahidi ushindi. Masharti ya namna hii husomwa kwa ukali, na kampuni inaweza kujibu kwamba sharti ni sharti hata kama halikusababisha kitu. Ndiyo maana uangalie mambo mawili zaidi. Je, sharti limo katika hati uliyopewa, au katika kiambatisho ambacho hukuwahi kukabidhiwa? Na je, kuna mtu wa kampuni aliyekuja kukagua duka kabla ya kukata au kuhuisha bima, akaona magunia chini, na kampuni ikapokea ada yako bila kusema neno? Likiwapo mojawapo, hoja yako inapata miguu.

Soda na mafuta ndiko kwenye nguvu yako kubwa, na ningeanzia huko. Maji ya Kalerwe si maji ya mvua tu. Yanapita kwenye mitaro, vyoo vya shimo na taka kabla ya kufika mlangoni. Chupa yenye kizibo cha bati au cha kuzungusha ikizama katika maji ya namna hiyo haisafishiki, kwa sababu uchafu hujificha chini ya ukingo wa kizibo ambako brashi haifiki. Jeriken la mafuta ni vivyo hivyo. Kanuni ya usalama wa chakula ni kutupa. Makopo ya bati yaliyofungwa kiwandani, yasiyobonyea wala kuvuja, hayo kweli yanaokolewa: vua lebo, osha kwa sabuni na maji safi, kisha yazamishe dakika 15 katika maji yenye dawa ya klorini. Kwa dawa ya klorini ya kufulia yenye nguvu ya asilimia 3.5, mililita 120 katika lita 20 za maji zinatosha. Andika jina la kitu na tarehe ya mwisho kwa kalamu isiyofutika. Kwa hiyo kwenye makopo mkadiriaji yuko sahihi kwa nusu: yanauzika, ila kopo lisilo na lebo haliuziki kwa bei kamili, na anachopaswa kutoa ni bei ambayo masalia yanaweza kuleta, si gharama yote.

Hoja hii haitashinda kwa mdomo wako. Mwite afisa wa afya wa Divisheni ya Kawempe aje aone, aandike kwamba bidhaa hizo hazifai kuliwa na zinapaswa kuteketezwa. Kabla ya hapo usitupe. Kama ulikwisha kuzitupa kwa sababu ya harufu, tafuta picha, orodha, na barua ya mwenyekiti wa LC1 (baraza la mtaa) aliyeshuhudia. Na tafadhali usiziuze kwa bei ya kutupa. Zaidi ya hatari kwa walaji, siku kampuni ikipata habari, dai lote linanuka udanganyifu.

Ukipata milioni 4 za magunia na milioni 3 za soda na mafuta, msingi unakuwa 23. Mara 50 gawa kwa 80, ni 14.375. Toa asilimia 10, unabaki na shilingi milioni 12.94 hivi. Thamani ya mali ikishuka hadi 70, ni 14.8 hivi.

Hati ya kutia saini

Karatasi waliyokupa karibu hakika ina maneno ya kwamba unapokea malipo kamili na ya mwisho na huna dai lingine. Ukiisaini, barua zako zote zinazofuata ni kelele. Jibu kwa barua: unakubali kupokea milioni 9 kama malipo ya sehemu isiyobishaniwa, bila kuathiri haki yako ya kudai iliyobaki, kisha orodhesha hoja zako kwa tarakimu. Kampuni nyingine hukubali kulipa hivyo, nyingine hukataa. Peleka barua kwa mkono na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Simu na WhatsApp ni za kukumbushana tu, ingawa ujumbe wa wakala uliomo humo usiufute.

Hilo la wakala lina uzito wake. Wakala wa bima hufanya kazi kwa niaba ya kampuni, hivyo alichokuambia wakati wa kukuuzia kinaweza kuifunga kampuni. Dalali wa bima, kinyume chake, kisheria ni mtu wako wewe, na akikosea unamdai yeye. Kama mtu aliyekuuzia ndiye aliyependekeza 50 huku akijua mali yako, jua kwanza alivaa kofia ipi.

Mkadiriaji hulipwa na kampuni ingawa anatakiwa kuwa huru. Unaweza kumwajiri wako mwenye leseni, lakini kwa ubishi wa milioni 4 ada yake inaweza kumeza faida. Kwa dai la milioni 100 ningekushauri vingine.

Kampuni isipojibu au ikikataa, nenda Mamlaka ya Usimamizi wa Bima ya Uganda, IRA. Ina ofisi ya malalamiko inayosikiliza wakata bima bila malipo, na huna haja ya wakili kuandika lalamiko. Ambatisha hati ya bima na viambatisho vyake, stakabadhi ya ada, fomu ya dai, ripoti ya mkadiriaji, barua ya kampuni na majibu yako. Asiyeridhika na uamuzi wa Mamlaka ana Baraza la Rufaa za Bima lililoundwa chini ya Sheria ya Bima ya 2017, na mahakama ipo. Chunga muda. Sheria ya Uganda inatoa miaka 6 kwa madai ya mkataba, ila hati nyingi za bima huweka sharti kwamba dai lililokataliwa lisipofikishwa mahakamani au kwa msuluhishi ndani ya miezi 12, limekufa. Tafuta mstari huo katika hati yako usiku huu.

Jambo jingine: kama duka lina mkopo wa benki, huenda benki imeandikwa katika hati kuwa mpokeaji wa kwanza wa malipo. Ukishinda, hundi inakwenda kwao. Zungumza nao mapema, mara nyingine hukubali fedha zirudi kwenye mzigo badala ya kukata deni.

Pikapu

Bima ya mtu wa tatu, ile ya lazima, hulipa madhara ambayo gari lako linamfanyia mtu mwingine. Gari lenyewe halimo, likizama, likiungua au likiibwa. Hapo huna dai.

Ila usiwashe injini. Maji yaliyoingia kwa njia ya hewa hayabanwi kama hewa inavyobanwa. Pistoni ikipanda inakutana na kitu kisichobonyea, na fimbo yake inapinda. Gari ambalo lingepona kwa kubadilishwa oili na kukaushwa linahitaji injini nyingine. Chomoa waya hasi wa betri, livutwe hadi gereji, zichomolewe plagi au nozeli, injini izungushwe kwa mkono itapike maji, oili na vichujio vibadilishwe. Hata mwenye bima kubwa hukataliwa injini iliyokufa kwa kuwashwa ndani ya maji, kwa maelezo kwamba ni uharibifu uliofuata baada ya tukio.

Kabla ya kuhuisha bima

Kalerwe na Bwaise ziko bondeni, chini ya vilima vya Makerere na Mulago, na maji ya juu yote yanautafuta mfereji wa Lubigi. Mapaa na lami vimezidi, ardhi ya kunyonya imepungua, makalvati yanazibwa na plastiki. Mvua kubwa ya saa moja inatosha. Kampuni za bima zinayajua haya, kwa hiyo tarajia moja kati ya majibu matatu: ada kupanda, ekses ya mafuriko kupanda, au mafuriko kuwekewa kikomo chake, kwa mfano milioni 15 kwa tukio hata kama bima yote ni 80. Kikomo cha mafuriko ndicho cha kuulizia kwanza, maana hukaa ndani ya kiambatisho na wengi hukigundua siku ya hasara.

Soma pia mafuriko yanavyoelezwa. Hati nyingine husema ni maji yaliyotoka kwenye mto, ziwa au mfereji yakavuka kingo zake. Yako yalipanda kutoka mtaroni, umo. Lakini mvua ikiingia kwa paa bovu, au maji yakipanda polepole kutoka ardhini siku hadi siku, hayo si mafuriko katika macho ya hati. Dai mstari unaotaja wazi maji ya mvua yaliyotuama na maji yanayorudi kupitia mabomba ya taka. Omba sharti la sentimita 15 liandikwe upya lisomeke kwamba linahusu hasara iliyosababishwa na kutolitimiza. Wakikubali, ubishi wa magunia hautarudi.

Kama jengo liko ndani ya ardhioevu au mita chache kutoka mfereji, fomu ikiuliza jibu kweli. NEMA, mamlaka ya mazingira ya Uganda, iliondoa watu Lubigi mwaka 2024, na kampuni ikigundua kwamba ulificha mahali ulipo inaweza kuifuta bima tangu siku ya kwanza. Bima ya mwenye nyumba, kama anayo, inalinda kuta zake. Rafu na friji zako ziandike kwa majina na bei. Faida unayopoteza duka likiwa limefungwa nayo hailipwi na bima ya mali, ina bima yake ya kuongezea.

Kuhusu kiasi, una njia tatu. Ya kwanza ni kukatia 80. Ya pili inafaa duka la jumla ambalo mali hupanda na kushuka: bima ya kutangaza, ambapo unaweka kiwango cha juu, unatuma thamani ya mali kila mwezi, na ada inasawazishwa mwishoni. Ukisahau kutuma, wanahesabu kiwango cha juu, kwa hiyo usiichukue kama daftari lako ni la kubahatisha. Ya tatu siioni ikitajwa na mawakala, labda kwa kuwa haiwaletei kitu: punguza mali. Machi hadi Mei, na Septemba hadi Desemba, nunua Kikuubo mara mbili kwa wiki badala ya mara moja. Nauli itaongezeka. Lakini dukani ikibaki mali ya 50 badala ya 80, bima yako ya 50 inakuwa kamili bila kuongeza shilingi ya ada, na maji yanakuta magunia machache.

Mlango, choo na rafu

Mifuko ya mchanga watu huipenda, na hesabu yake huwashangaza. Ukuta wa kimo cha sentimita 30 hula mifuko kama 20 kwa kila mita. Ukipandisha kimo mara mbili hadi 60, unahitaji zaidi ya 60 kwa mita, kwa sababu kitako lazima kiwe kipana mara 2 hadi 3 ya kimo, la sivyo ukuta unapinduka. Mlango wako wa mita 3 ungekula mifuko 200 hivi. Hiyo haipangwi usiku, mvua ikiwa imeshaanza. Kwa maji madogo ya sentimita 30, mifuko 60 inatosha: jaza nusu tu ili ikae kama mto wa kulalia, mdomo ukunjwe chini ya mfuko, panga kwa kupishana kama matofali, na weka turubai upande wa maji. Ikishalowa maji ya mtaro, mchanga huo ni taka.

Kwa sentimita 60, mwite fundi wa kuchomelea. Afunge reli za chuma zenye umbo la U kwenye nguzo mbili za mlango, wewe uwe na mbao ngumu za inchi 2 unazozitumbukiza moja juu ya nyingine, zenye ukanda wa mpira katikati na chini. Maji ya sentimita 60 husukuma kwa nguvu ya kilo 180 hivi kwa kila mita ya upana, yaani kama kilo 540 kwenye mlango wako. Ndiyo maana geti la bati la kukunja hujikunja, na ndiyo maana mita 3 zinahitaji nguzo ya katikati ya kuchomoa. Usivuke sentimita 60. Maji ya mita 1 husukuma karibu mara 3 ya hapo, na ukuta wa matofali usio na nguzo unaweza kuanguka ndani. Yakizidi kimo hicho, yaache yaingie. Kwako yalifika 70, kwa hiyo kizuizi kitakununulia muda na kuzuia mvua nyingi za kawaida, ila rafu ndiyo kinga yenyewe.

Na kizuizi cha mlango hakina maana kama choo cha nyuma kiko wazi. Maji hupanda kwa bomba la taka na kutokea katikati ya duka huku mlango ukiwa mkavu. Fundi bomba aweke vali ya kuzuia maji kurudi kwenye bomba linalotoka nje, mahali inapofikika kusafishwa, maana kipande kimoja cha plastiki kikikwama katika ulimi wake haifungi. Ikaguliwe kabla ya kila msimu.

Rafu ya chini ya nafaka, sukari na unga ianzie sentimita 100, yaani 70 uliyoipata na 30 za akiba. Magunia 40 ya kilo 50 ni tani 2. Mbao za kawaida hazibebi, tumia chuma cha pembe kilichofungwa ukutani kwa bolti, na umwulize mwenye nyumba kabla ya kutoboa. Chini ya hapo weka makopo na kreti tupu, lakini kreti zifungwe kwa kamba kwa sababu huelea na kugonga rafu. Magunia yakae juu tangu yanaposhushwa garini, kwa kuwa gunia la kilo 50 halinyanyuliwi na mtu aliyetoka usingizini saa 9 usiku. Soketi zipandishwe hadi mita 1.2, na swichi kuu iwe mahali unapoifikia bila kukanyaga maji. Kama njia ya kuifikia ina maji, usiiguse, piga simu shirika la umeme wakate kutoka nje.

Pampu ya petroli ya inchi 2 inafaa kuliko ya umeme, kwa kuwa umeme utakuwa umekatwa. Iwashe nje ya mlango. Gesi ya sumu iliyomo katika moshi wake huua kimya katika chumba kilichofungwa, na yenyewe haina harufu ya kukuonya.

Usiku wa mvua, piga picha kila rafu kabla maji hayajaingia, ukianzia mlangoni kwenda ndani, kisha zitume kwa mtu aliye mbali na Kalerwe. Usitoke kwa miguu kwenye maji yanayokwenda mbio: sentimita 15 zinatosha kumwangusha mtu, na mtaro uliofunikwa na maji hauonekani. Asubuhi, piga picha alama ya maji kwa futi kabla hujapiga ufagio, piga simu kampuni ya bima, na barua ifike siku hiyohiyo. Siku chache baadaye omba taarifa ya mvua ya tarehe hiyo kutoka Mamlaka ya Hali ya Hewa. Vaa buti na glavu. Ukungu huanza ndani ya saa 24 hadi 48, kwa hiyo fungua kila mlango, na magunia yaliyolowa yatoe nje ya chumba chenye mali kavu, lakini yabaki pale mkadiriaji atakapoweza kuyahesabu.